Umeme Ukikatika Angani: Namna ya Kuishusha Jeti Ndogo Kabla Betri Haijaisha

Nafundisha marubani wa jeti ndogo za injini mbili, na wengi wanaonijia wametoka kwenye ndege za panga boi. Kwenye simuleta, somo ninalolipa muda mrefu kuliko yote ni la umeme. Injini ikizimika, rubani hushtuka na kuchukua hatua papo hapo. Umeme ukipungua, hakuna kinachomshtua. Taa moja ya njano imewaka, skrini zote bado zinang'aa, kabini ina joto lake la kawaida, abiria wanazungumza. Nimewaona marubani wazuri wakikaa dakika tano nzima wakibonyeza swichi ile ile, huku betri ikinyonywa na kila kifaa kilichomo ndani ya ndege.

Shika hili kabla ya mengine: jenereta zote zikifa, hujaachiwa kazi ya ufundi. Umeachiwa kazi ya kutua betri ikiwa bado na nguvu. Nitakayoeleza yanafanana kwenye jeti nyingi ndogo, lakini mpangilio wa swichi na tarakimu za mwisho ni za kitabu cha ndege yako, na kitabu hicho kikitofautiana nami, fuata kitabu.

Injini haziendi popote

Hofu ya kwanza ya mwanafunzi ni kwamba umeme ukikatika, injini nazo zitazimika. Hazizimiki. Injini ya jeti ikishawaka, moto wake unajiendeleza wenyewe. Cheche zinahitajika wakati wa kuwasha, kwenye mvua kubwa au kwenye barafu tu. Mafuta husukumwa na pampu inayozungushwa na injini yenyewe. Hata zile zenye kompyuta ya kudhibiti mafuta, kompyuta hiyo kwa kawaida ina jenereta yake ndogo ya sumaku iliyofungwa kwenye injini, isiyotegemea umeme wa ndege. Kwa hiyo una msukumo, una mabawa, na usukani wa jeti ndogo nyingi umeunganishwa kwa nyaya za chuma moja kwa moja hadi kwenye mkia. Ndege inaruka. Nataka mtu alijue hili kwa moyo, maana anayeogopa injini hawezi kufikiri kuhusu betri.

Soma volti, usisome taa

Kila injini inazungusha kifaa kimoja chenye kazi mbili: huiwasha injini, kisha hugeuka kuwa jenereta. Kikifanya kazi vizuri hutoa umeme wa moja kwa moja wa volti 28 hivi. Betri yenyewe ni ya volti 24. Ikiwa na chaji nzuri na haina mzigo utasoma 24 au 25.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokwambia nani anailisha ndege. Ukisoma 28, kuna jenereta inayofanya kazi, hata kama taa zimekuchanganya. Ukisoma 25, halafu 24, halafu 23 na nusu, jenereta hakuna; unakula akiba. Taa ya onyo inaweza kuharibika, waya wake unaweza kulegea, na taa kadhaa zikiwaka pamoja zinavuruga akili. Volti zinazoshuka polepole hazina maana mbili. Ndiyo maana kabla mwanafunzi wangu hajagusa swichi yoyote, lazima aniambie kwa sauti: volti ngapi, ampea ngapi kushoto, ampea ngapi kulia.

Jenereta moja ikifa

Hapa ndipo pa kutulia zaidi, ingawa hali yenyewe si mbaya. Jenereta moja ya jeti ndogo, mara nyingi yenye uwezo wa ampea 300 hivi, inaweza kubeba karibu kila kitu unachohitaji. Hatari kubwa ni mkono wako.

Tarehe 11 Oktoba 1983, ndege ya abiria aina ya Hawker Siddeley 748 ya Air Illinois iliruka usiku kutoka Springfield kwenda Carbondale, Marekani. Haikuwa jeti, ila umeme wake ulitupa somo ambalo kila rubani wa jeti anapaswa kulijua. Muda mfupi baada ya kuruka, jenereta ya kushoto ilikufa. Rubani msaidizi, akitaka kuitenga iliyokufa, alitenga ya kulia iliyokuwa nzima, kisha haikuwezekana kuirudisha. Uwanja walikotoka ulikuwa nyuma yao, dakika chache tu. Kapteni akaamua kuendelea na safari. Kiasi cha nusu saa baadaye betri ilikwisha, usiku, kwenye hali mbaya ya hewa, na ndege ikaanguka karibu na Pinckneyville. Watu wote 10 waliokuwemo walikufa.

Ukiisoma habari hiyo kwa makini utaona hatua mbili, na ya pili ndiyo iliyoua. Kuchanganya kushoto na kulia kunaweza kumpata yeyote, tena gizani. Kuendelea na safari kwa betri peke yake ni uamuzi.

Basi fanya hivi. Mmoja arushe ndege na asishike kitu kingine. Mwingine aguse swichi ya jenereta bila kuigeuza, aitaje: "jenereta ya kushoto". Anayerusha aangalie kidole kilipo, asome ampea za upande huo zinazoonyesha sifuri, ndipo aseme "thibitisha". Baada ya hapo tu ndipo swichi igeuzwe. Ukiwa peke yako, jifanyie vivyo hivyo kwa sauti. Kusema kunauchelewesha mkono, na hicho ndicho unachokitaka.

Kisha jaribu kuirudisha jenereta kama orodha ya dharura inavyosema. Jaribio moja. Ikikataa, izime na uiache. Kilichoitoa jenereta kwenye njia ya umeme kinaweza kuwa waya uliogusa bodi au beringi inayosagika, na kila unapoirudisha unapeleka mamia ya ampea palepale penye jeraha. Punguza mzigo: taa za kabini, jiko la kahawa, soketi za abiria, kiyoyozi cha umeme. Hakikisha jenereta iliyobaki iko chini ya kikomo chake na volti zimerudi 28.

Je, uendelee na safari? Vitabu vingi havikukatazi. Msimamo wangu ni huu: endelea kuelekea upande wenye viwanja, usielekee upande wa bahari au wa usiku wenye mawingu mazito. Sasa kati yako na betri kuna kifaa kimoja tu, na hujui kilichomuua mwenzake.

Zote mbili zikifa

Rusha ndege. Otopailoti inaweza kuachia bila mlio unaousikia vizuri, na skrini kubwa ya upande wako inaweza kuzimika. Macho yaende kwenye upeo bandia wa akiba, kipimo kinachoonyesha mlalo wa ndege, ule mdogo wa katikati, ambao kwenye jeti nyingi una betri yake ya pembeni. Weka mabawa sawa, pua mahali pake, msukumo usiubadilishe bado.

Bonyeza saa. Namaanisha saa ya kweli, ya mkononi au ya kwenye usukani. Kuanzia sasa kila uamuzi unapimwa kwa dakika, na mtu aliye kwenye msukosuko hawezi kukadiria dakika. Kumi humwonekea nne.

Punguza mzigo mara moja. Hesabu yake inaeleweka kwa mfano. Betri ya ampea-saa 44 ikibeba ampea 200, kwa karatasi inaisha kwa dakika 13. Ukiushusha mzigo hadi ampea 60, dakika 44. Kwa ampea 40, zaidi ya saa nzima. Hakuna uamuzi mwingine ndani ya ndege hiyo utakaokupa nusu saa kwa kugeuza swichi tatu. Na ukumbuke karatasi inadanganya kidogo: betri kuukuu au iliyopigwa na baridi haitoi yote iliyoandikwa ubavuni. Betri ni tangi ambalo bomba la kulijaza limefungwa. Huwezi kuongeza, unaweza tu kubana koki.

Vinavyokula zaidi ni vile vya joto: kioo cha mbele, mirija ya kupimia mwendo, hita za kabini. Baada yake, mota kubwa, pampu za mafuta za umeme, taa za kutua na rada ya hali ya hewa. Jeti nyingi zina nafasi ya dharura kwenye swichi ya betri: ukiiweka hapo, njia kubwa za umeme zinakatwa na inabaki ile ndogo yenye redio moja, kifaa kimoja cha uelekeo na mwanga kidogo. Jua kwa kichwa nini kinabaki kwenye ndege yako. Wanafunzi wangu huandika orodha hiyo kwa mkono, si kuinakili kwenye simu, na nawauliza wakiwa wanafunga viatu.

Mrija wa kupimia mwendo ni suala la kufikiri. Kama uko ndani ya mawingu kwenye baridi, ukiuzima utapoteza mwendo kwenye kipimo. Kama uko kwenye hewa kavu na jua, zima sasa, washa tena kabla hujaingia wingu. Vivyo hivyo hewa ya moto ya kuyeyusha barafu kwenye injini: kwenye ndege kadhaa vali zake hufunguka zenyewe umeme ukikosekana, ili injini isikose kinga. Usishangae msukumo ukipungua kidogo na joto la injini likipanda.

Kisha zungumza mapema, wakati redio bado ina nguvu. Kutuma sauti kunakula umeme mwingi kuliko kusikiliza, kwa hiyo sema yote mara moja. Mwongoza ndege anahitaji kujua: umepoteza jenereta zote, betri ina dakika fulani, redio inaweza kukatika, unakwenda uwanja fulani kwa njia fulani, na utatua hata usiposikika. Hakuna anayekuitikia? Masafa ya dharura ni megahezi 121.5. Transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada ya ardhini, iweke 7700, namba ya dharura. Ikiwa shida iliyobaki ni mawasiliano tu, 7600. Kama uko kati ya futi 29,000 na 41,000, pale ambapo ndege zinapishana kwa futi 1,000, mwambie pia kwamba huwezi tena kushika kimo kwa usahihi unaotakiwa, ili awaondoe wengine.

Sasa ndipo ujaribu kurudisha jenereta, moja baada ya nyingine, kila moja mara moja. Ikirudi hata moja, usirudishe mzigo wote kwa furaha. Rudisha unachohitaji ili utue.

Kuchagua uwanja kwa dakika

Viwango vya utengenezaji vya jeti ndogo nyingi vinataka betri ibebe mzigo wa dharura kwa angalau nusu saa. Nusu saa hiyo ilipimwa kwa betri nzuri na mzigo ambao tayari umepunguzwa. Mimi hufundisha kupanga kama mtu mwenye dakika 20, ili zinazobaki ziwe za bahati mbaya.

Dakika 20 zinakufikisha wapi? Ukiwa futi 40,000, mteremko wa kawaida wa maili 3 za baharini kwa kila futi 1,000 unataka maili 120. Kwa wastani wa maili 6 kwa dakika, hizo ni dakika 20 zote, kabla hujageuka kuingia uwanjani. Ni nyingi mno. Ukifungua breki za hewa na kushuka futi 3,000 kwa dakika, unafika chini kwa dakika 13 hivi. Kwa hiyo chora duara la maili 80 kichwani, na uanze kushuka wakati bado unachagua. Uwanja ulio chini yako kabisa huenda usiwe wa karibu kwa dakika. Ulio maili 60 mbele unaweza kuwa sawa nao, kwa sababu vyovyote vile lazima upoteze kimo.

Kati ya uwanja wenye mitambo yote ya kuongozea lakini wenye mawingu ya chini, na uwanja wa kawaida wenye anga wazi na barabara ndefu ya kutulia, nenda kwenye anga wazi. Mitambo ya ardhini haina faida kama kipokezi chako kimekufa. Ukitoka mawinguni ukaona ardhi, baki ukiona ardhi.

Angalia pia shinikizo la hewa kabini. Kidhibiti chake kinaweza kuacha kufanya kazi. Kipimo cha kimo cha kabini kikianza kupanda, vaa maski ya oksijeni na uongeze kasi ya kushuka.

Kukiwa na moshi au harufu ya waya

Kila nilichosema kuhusu kuhifadhi umeme kinageuka. Hapa umeme ndio unaolisha moto. Maski ya oksijeni kwanza, kwenye asilimia 100, miwani ya moshi ikiwa ipo, halafu mawasiliano kupitia maikrofoni ya maski. Kisha zima njia za umeme kama orodha inavyoelekeza, huku pua ya ndege imeshaelekea chini na uwanjani. Usisubiri kujua moshi unatoka wapi. Kwenye ajali ya Swissair 111, tarehe 2 Septemba 1998, kuanzia harufu ya kwanza ndani ya chumba cha marubani hadi ndege kuanguka baharini zilipita dakika 21 hivi, na watu 229 walikufa.

Sakiti-breka, swichi inayojikata umeme ukizidi, ikiruka iache imeruka, isipokuwa kifaa chake ni cha lazima kwa kutua salama na orodha inaruhusu; hapo ni mara moja, baada ya kuiacha ipoe. Ya pampu ya mafuta usiirudishe kamwe ukiwa angani.

Onyo la joto la betri ni ndugu wa moshi. Betri ya nikeli-kadmiumu ikizidi joto, huvuta umeme zaidi, umeme ukaipasha zaidi, na mzunguko haujikati wenyewe. Kwenye jeti kadhaa onyo la kwanza huja karibu nyuzi 63 za Selsiasi na la pili karibu 71. Itenge na jenereta ili isiendelee kuchajiwa, fuata orodha, tua. Betri za lithiamu nazo zina tabia yake: mwaka 2011 betri ya aina hiyo ilishika moto kwenye Citation CJ4 ikiwa ardhini, na mamlaka ya anga ya Marekani ikaagiza ndege hizo ziwekewe betri za aina nyingine.

Kutua

Toa magurudumu mapema, mbali na uwanja, volti zikiwa bado zinatosha. Kama mpini wa kawaida haufanyi kazi, kuna njia ya dharura: kwenye ndege nyingine magurudumu huanguka kwa uzito wake, nyingine huyasukuma kwa gesi ya naitrojeni iliyobanwa kwenye chupa. Ukishayatoa kwa gesi hayarudi juu, kwa hiyo hakikisha una njia ya kutua kweli. Taa za kijani zinaweza kukosa umeme. Mpini ulivyo, sauti ya hewa na mtikisiko vitakusaidia kusema yametoka.

Flapu za umeme, zile bamba za nyuma ya mabawa zinazosaidia kuruka polepole, zitabaki zilipo. Panga kutua bila flapu: mwendo zaidi, pua juu kidogo, barabara ndefu zaidi. Breki za kuzuia magurudumu yasikwame huenda hazipo, na vigeuza-msukumo pia. Soma jedwali la umbali kabla hujafika chini ya futi 10,000, si ukiwa fainali, umeshanyooka kuelekea barabara ya kutulia. Ukigusa ardhi, kanyaga breki kwa utaratibu. Breki ya dharura, kama ni ya gesi, vuta kidogo kidogo na usiipampu, maana kila ukiiachia gesi inatoka na haijazwi.

Kama redio imekufa, tazama mnara. Taa ya kijani isiyopepesa inakuruhusu kutua. Kijani inayopepesa: rudi ujiandae kutua. Nyekundu isiyopepesa: wapishe wengine, endelea kuzunguka. Nyekundu inayopepesa: uwanja si salama, usitue. Lakini ikiwa volti zako ni 20 na zinashuka, huna dakika za kuzunguka; tayari ulishawaambia unatua.

Kabla na baada

Maandalizi ni mafupi. Soma volti za betri kabla ya kuwasha injini, zote mbili kama ndege ina betri mbili, na usikubali betri dhaifu kwa sababu gari la umeme la uwanjani lipo. Tochi mbili, moja shingoni. Kompyuta kibao yenye chaji kamili na ramani zilizopakuliwa. Redio ndogo ya mkononi, ukiweza kuipata, ina thamani kubwa kuliko chochote kwenye mkoba.

Ukishatua, simama barabarani, zima betri, acha gari likuvute. Usijaribu kuendesha hadi maegesho kwa breki usizozijua.

Kisha andika. Tarehe 10 Julai 2007, Cessna 310 ilianguka juu ya nyumba huko Sanford, Florida, ikaua marubani wawili na watu watatu ardhini. Siku moja kabla, rubani mwingine alisikia harufu ya kuungua kutoka kwenye rada ya hali ya hewa, akaizima, akavuta sakiti-breka, akaandika hitilafu kwenye fomu. Ndege ikaruhusiwa kuruka tena bila kutengenezwa. Wachunguzi walihitimisha kwamba sakiti-breka ile huenda ilirudishwa kabla ya safari ile ya mwisho.

Kwa hiyo kwenye daftari la ndege andika saa ambayo jenereta ilikatika, volti na ampea ulizosoma, swichi ulizogusa na mpangilio wake, sakiti-breka zilizoruka na ulizovuta, harufu yoyote. Mkabidhi fundi mkononi na umwonyeshe mahali. Betri iliyonyonywa hivyo itolewe ikapimwe uwezo wake karakana kabla ya safari nyingine, hata kama ikichajiwa inasoma 25 kamili.